Dadi Mjini Kobe

Mwaka ule vita vya Maji Maji vilipoanza, Dadi wa Kilwa, mchochea makaa katika meli ya Wadachi, Wajerumani waliotawala kwao, alipewa ruhusa ya siku moja mjini Kobe, Ujapani. Alizurura peke yake polepole, akidharau kila alichoonja: chai isiyo na sukari, na samaki wabichi ambao hata paka wa Songo Songo angewasusa. Penye njia panda akaona mateka wa Kirusi, majitu meupe, wakiswagwa na askari wafupi wa Kijapani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni msimamizi wake, Mdachi, alimuuliza, “Mji umeuonaje?”

“Mzuri, bwana. Wazungu wanachungwa kama mbuzi wa kwetu Miteja.”

Alichapwa viboko. Alipoinuka, alimtazama Mdachi kuanzia viatu hadi kofia, akasonya, akaenda zake.