Kibonge cha Ekseli

Fundi alimwita mkwewe baba, lakini likija suala la gari la baba huyo, alijiona anajua kuliko waliolitengeneza. Siku alipobadilisha mpira wa ekseli, ule mhimili unaozungusha gurudumu, alikuta katikati yake kumefungwa kibonge cha chuma, kazi yake kutuliza mtetemo. Bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu, zikamkatikia mkononi. Kutafuta nyingine aliona uvivu, basi akakisukumia kibonge pembeni.

"Baba, huu ni mzigo wa bure," alisema. "Sasa gari litakuwa jepesi."

Mzee, mshonaji wa suti, akamsifu mbele ya wateja kwamba binti yake hakukosea kuolewa.

Magari mengine hayajali kuondolewa kitu hicho. Hili lilijali. Likishika kasi, usukani ulitetemeka. Mzee hakurudi kulalamika, na fundi wetu akajidanganya kwamba mambo ni shwari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila yeye hakusikia kitu.

Asubuhi moja mzee aliingia karakana, akamwekea funguo kiganjani.

"Chukua, mwanangu. Mimi basi. Mikono imeanza kunitetemeka, nikishika usukani naiona kabisa. Hata mkasi nimeuweka chini kabla sijaharibu kitambaa cha mtu. Mama yenu analia, anadhani simwoni."

Uso ulimwaka fundi. Maneno yalimfika kooni, yakageuza njia.

"Pole, baba," alisema. "Hebu nilitazame gari kidogo."

Mzee alipokwenda kunywa chai, fundi alijiingiza chini ya gari na kukifunga kile kibonge kwa bolti mpya. Alikuwa mwoga, na alijijua. Hesabu yake ilikuwa mzee aendeshe, aone usukani umetulia, yaishe kimyakimya bila mtu kuumbuka.

Lakini mzee alikataa kushika usukani. Alikwenda moja kwa moja kiti cha abiria, akafunga mkanda.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

Barabara kuu gari lilishika kasi, usukani ukatulia tuli. Mzee aliutazama muda mrefu.

"Umeona?" alisema kwa upole. "Kwako hata hautikisiki. Ni mikono yangu."

Fundi akaegesha pembeni. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Akasema yote, kutu, uvivu, na ujanja wa asubuhi ile, macho yake yakiwa kwenye dashibodi.

Mzee aliinyoosha mikono mbele yake, akaitazama mmoja mmoja. Ilikuwa imetulia.

"Nilipokupa funguo, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Ukaniambia pole."

Mzee alishuka, akalizunguka gari, akaufungua mlango wa dereva na kusimama akingoja. Fundi alihangaika na mkanda aliokuwa ameufungua maelfu ya mara, na vidole vyake havikushika kitu.