Mpigo wa Tano

Saa nane mchana Fundi alikuwa akipima suruali ya mteja kiunoni, pini tatu mdomoni, simu ilipolia. Alikuwa Sauti, mwimbaji wa Mabati, bendi ya roki ya wanaume wanne na Fundi mwenyewe kwenye dramu, iliyovunjika miaka ishirini na miwili nyuma.

"Dada, tunarudi," alisema Sauti. "Wimbo wetu mpya ndio utafungua fainali za mashindano ya gemu za kompyuta."

Fundi alitema pini kiganjani, akamwambia mteja asikaze tumbo, akamaliza kupima kwanza. Kazi ni kazi.

Walirekodi kwa siku mbili. Fundi alipiga kama zamani: mipigo minne, halafu wa tano. Huo wa tano haukuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Tangu ujana wake Sauti alikuwa na ugonjwa wa kuchelewa kuanza kuimba, na Fundi, badala ya kumwaibisha mbele za watu, alikuwa akimwongezea mpigo mmoja wa kumngojea. Kidogo kidogo ukawa ndio utamu wenyewe wa Mabati. Watu waliupiga kwa vijiko mezani na kwa viganja kwenye milango ya magari.

Wiki moja kabla ya fainali, meneja wa mashindano, mtu mtanashati mwenye adabu zake, alimwita pembeni.

"Mama, kazi yako tunaiheshimu sana. Ila jukwaani tunataka sura changa kidogo. Dramu tumeiachia kompyuta."

Akampa tiketi ya safu ya thelathini. Sauti alikuwepo, akawa anaangalia viatu vyake.

"Hata kukohoa umeshindwa?" Fundi alimwuliza. Aliumia, na wala hakuficha.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa pomoni. Kompyuta ilipiga minne sawasawa, Sauti akachelewa kama kawaida yake, akaudandia mstari katikati. Kwenye skrini kubwa, wapiganaji mia mbili wa gemu hawakusogea. Wachezaji walibonyeza vitufe mpaka vidole vikauma. Wapiganaji waliketi chini, wakalaza mikuki mapajani, wakawa wanaangalia ukumbini.

Mtu wa mitambo alikagua nyaya zote, akarudi kwa meneja.

"Mashine nzima kabisa. Hawa wapiganaji wamefanya mazoezi na ile rekodi ya kwanza ya wimbo. Wanangoja mpigo wa tano."

"Uko wapi?"

"Ulifutwa pamoja na yule mama."

Meneja akaliandika hilo kwenye daftari lake, kisha akaamuru wimbo urudiwe.

Ulipofika mahali pake, Fundi, kule safu ya thelathini, aliupiga wa tano kwa kiganja kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Aliyekikalia alisogea kidogo kuupisha mkono. Wapiganaji wakainuka na mikuki yao, wote mguu wa kushoto mbele, na fainali ikaanza. Aliupiga mara themanini na nne bila kukosea hata mmoja. Kiganja kilivimba, na kichwa nacho, kwa nini asivimbe kichwa? Haki ya Mungu, kuna majenerali ambao hawajawahi kutiiwa namna ile.

Wimbo ulishika namba moja. Kwenye jalada waliandikwa wanaume wote wanne, na mbele ya neno dramu: kompyuta. Fundi alipopiga simu ofisini aliambiwa orodha ya majina imeshafungwa, ila anaombwa sana asikose mashindano yajayo, na akae palepale. Wakamtumia kitambulisho kilichosema "Mtazamaji".

Alikata kipande cha kitambaa cheusi, akatarizi kwa uzi mwekundu "Mpiga Dramu wa Mabati", akakishona kwenye koti lake upande wa moyo, mshono mara mbili ili kisibanduke.

Siku ya mashindano yaliyofuata, mlinzi wa mlangoni alikisoma kitambaa herufi kwa herufi.

"Mkono wako mzuri, mama," alisema. "Lakini watazamaji wanapita huku."

Fundi akapita huko, shingo imenyooka. Jukwaani Sauti alikuwa akijaribu kipaza sauti, hakumwona. Wapiganaji mia mbili kwenye skrini walisimama wima Fundi alipoingia, na hakuna aliyeketi mpaka alipokipata kiti chake, akavua koti, akalikunja kitambaa kikiwa juu, akakaa.