Mwandishi wa Pande Mbili

Aidan Haule alipoacha kufundisha kwa mkataba katika sekondari moja ya binafsi, alikwenda kwao kumwambia baba yake kwamba tangu sasa ataishi kwa kuandika. Baba yake alikuwa anapukuchua mahindi, akaendelea kupukuchua.

"Utamwandikia nani?"

"Yeyote mwenye kazi, baba. Ninakuwa mwandishi wa kujitegemea."

"Kujitegemea ni kulima," mzee akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa kwanza ulielekea kumpa mzee ushindi. Aidan alipata kazi mtandaoni, akamwandikia mtu wa ng'ambo makala kumi na nne kuhusu usafishaji wa mabwawa ya kuogelea, ilhali maji pekee aliyowahi kuogelea ni ya mto Luhira, nayo hayasafishwi na mtu. Makala ya kumi na tano ilipokaribia, mtu wa ng'ambo akapotea kama moshi. Ndipo Aidan akaomba kona ya meza katika steshenari ya Rosemary, pale Lizaboni mjini Songea, mahali watu wanapokuja kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Rosemary alikubali kwa sharti moja tu, kwamba asiwasahihishie wateja wake Kiswahili bila kuombwa.

Akaanza na barua za kuomba kazi, akaja kwenye risala za mahafali, akafika kwenye wasifu wa marehemu. Kilichompa jina ni maswali. Mtu akija kutaka wasifu wa baba yake, Aidan hakukubali kuandika tu kwamba marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Aliuliza marehemu alikuwa akicheka nini, na akimwona nani njiani alikuwa anabadilisha njia. Waombolezaji walirudi makwao wakiwa wamemjua marehemu kuliko alipokuwa hai, na wiki iliyofuata walikuja Lizaboni kumuulizia aliyeandika.

Mzee Beda Gama wa Mjimwema alikuja Jumatatu moja asubuhi akiwa amevaa koti. Alikuwa seremala mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyebakiwa na meno mawili tu ya mbele. Kwa sababu hiyo alizoea kuongea mkono ukiwa mdomoni, na watu wasiomjua walidhani ana siri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka barua ya posa. Saimon, mtoto wa marehemu mdogo wangu, amepata mchumba Mshangano, kwa Raphael Mbano. Andika kwamba tumeona ua limechanua katika bustani yao."

"Mzee, barua zote za posa zina ua."

"Kwa hiyo yetu isiwe nalo? Watajuaje tumeona nini?"

"Ndicho ninachouliza. Saimon aliona nini?"

Mzee Beda akatoa simu mfukoni mwa koti. Akampigia Saimon, wakaongea kwa muda, na alipokata uso wake ulikuwa umeingiwa na aibu kidogo. Baada ya nusu saa barua ilikuwa tayari. Ilisema: *Hatuji kwa sababu ya ua. Ua hata nyuki analiona. Tunakuja kwa sababu binti yenu Lidwina, akiwa kwenye foleni ya bomba la maji, alimrudisha nyuma mwanamume mzima aliyeruka foleni mbele ya akina mama, na mwanamume huyo alikuwa ni kijana wetu. Tangu siku hiyo hajatulia.*

Mzee Beda alisomewa mara tatu. Akaondoka ameikumbatia bahasha kama mtu aliyebeba mayai.

Siku nne baadaye akaingia mama mmoja mnene, mkali wa macho, akaiweka barua ileile juu ya meza.

"Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Mama Lidwina, natoka Mshangano. Tumeletewa hii. Isome uniambie unaionaje."

Aidan aliisoma taratibu, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nyuma ya mashine ya kopi Rosemary alikohoa.

"Imeandikwa vizuri," Aidan akasema.

"Huyo aliyeandika anajidai," akasema Mama Lidwina. "Tunataka jibu, wajue na huku watu wamesoma. Baba Lidwina amesema tusikatae, lakini pia tusikimbilie. Mimi nasema mtu aliyeruka foleni ya maji ataruka na mengine."

Hapo ndipo Aidan alipopaswa kusema ukweli, na alikusudia kuusema. Lakini sentensi ya kwanza ya jibu ilikuwa imeshamjia kichwani, na mwandishi aliyejiwa na sentensi nzuri ni kama mtu aliyepata mafua. Hawezi kujizuia kupiga chafya. Akaandika: *Tumefurahi kusikia kwamba kijana wenu alirudishwa nyuma. Tunaomba kujua kama amebaki huko.*

Mama Lidwina alicheka mpaka akajishika ubavu. Alipoondoka, Rosemary akatoka nyuma ya mashine.

"Utakuja kupigwa, Aidan."

"Daktari hutibu hata wanaogombana."

"Daktari haandiki ugomvi wenyewe."

Jibu liliwafikia Mjimwema, na Mzee Beda akarudi mbio, furaha na hasira vikiwa pamoja. "Hawa watu wana mwandishi," akasema. "Tusimwache." Ikatoka barua ya tatu, kwamba kijana alibaki nyuma hadi ndoo ya mwisho, akaenda nyumbani na maji ya tope wala hakulalamika. Mzee Beda akaagiza kiongezwe na kijembe, kwamba watu wa Mjimwema hawana haraka, wenye haraka ni wale wa Mshangano wanaovuna mahindi mabichi.

Mshangano nao wakataka kujibu. Kufika hapo mambo yalikuwa yamebadilika. Kwa Mzee Beda majirani walikuja Jumapili baada ya misa kusikiliza kama kuna barua mpya, wakanywa togwa. Kwa Mzee Raphael, mtu mpole asiyependa maneno mengi, barua zilisomwa baada ya chakula, na yeye mwenyewe alitaka zirudiwe. Mshenga aliyezibeba alikuwa amemaliza soli za viatu kwa kwenda na kurudi. Hakuna aliyetaja tarehe ya mahari wala harusi.

Kwenye barua ya nne Aidan akakosea. Mama Lidwina alisema tu, "Wajibu kuhusu hayo mahindi." Aidan akaandika: *Mahindi mabichi ni chakula cha wenye meno.* Akajua, hata kabla wino haujakauka, kwamba sentensi hiyo hakupewa na mtu. Akaiacha kwa kuwa ilikuwa nzuri.

Siku mbili baadaye walikuja watu wawili pamoja, kijana mrefu mwenye aibu na msichana aliyetangulia mbele. Msichana alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Mimi ndiye Lidwina. Huyu ni Saimon. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kumwona Mzee Beda. Nani ametuambia habari za meno yake?"

Aidan akatazama mashine ya kopi. Rosemary hakumsaidia.

"Sikutaka kumuumiza," akasema.

"Baba mkubwa haongei siku ya pili leo," Saimon akasema kwa upole. "Anatikisa kichwa tu. Tena hata akikasirika hataki barua ziishe. Alichosema ni kimoja tu, huyo mwandishi wao akinyamaza, sisi tutasoma nini?"

"Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la mahindi," Lidwina akasema. "Najua mtu anapopima upande huu na upande ule kwa mkono mmoja. Andika barua mbili za mwisho. Fupi. Tunataka kuoana kabla ya mvua."

Aliandika. Pande zote mbili zikakubali kukutana Mshangano Jumamosi, na pande zote mbili, kila moja kwa siri, zikamtaka aje kukaa upande wao ili wakirushiwa neno awajibie. Alijaribu kusingizia malaria. Mama Lidwina akaahidi kumletea dawa, na Mzee Beda akaahidi kumfuata na bajaji.

Jumamosi akaamua atangulie, akiri kwa Mzee Raphael kabla wageni hawajafika. Alipoingia tu, Mama Lidwina akamkalisha kiti cha mbele upande wa wenyeji, akamjazia sahani, na hakuna mtu anayeweza kukiri huku anatafuna. Mara Mzee Beda akaingia na watu wake.

"Afadhali umetangulia," akamwambia Aidan, mkono mdomoni. "Lakini mbona umekaa huko? Njoo kwetu."

"Mnafahamiana?" Mzee Raphael akauliza.

"Huyu si ndiye mwandishi wetu?"

"Wenu?"

Mzee Raphael alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na wote walimngoja afike kwenye maana. Mzee Beda alifika kwanza.

"Kwa hiyo la meno ni wewe."

Aidan akasimama, sahani mkononi. "Ni mimi, mzee. Nisamehe. Mengine yote mliyasema nyinyi wenyewe, mimi nikayapanga. La meno nililiongeza."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa zuri, mzee. Nikashindwa kuliacha."

Mzee Beda akaketi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, mkono ukaanguka magotini, na watu wa Mshangano wakayaona meno mawili yaliyokuwa yamezua yote hayo. "Lilikuwa zuri," akasema. "Siku mbili nimekasirika, na siku mbili nimecheka kitandani peke yangu."

"Hata hivyo," Mzee Raphael akasema, maana ndiyo kwanza alikuwa amefika, "barua zetu zilikuwa bora kuliko zenu."

"Wapi. Ile ya ndoo ya mwisho?"

"Na ile ya amebaki huko?"

Wakabishana saa nzima barua za nani zilikuwa bora, watu wazima kwa vijana, wakiwa wanajua fika kwamba ziliandikwa na mkono mmoja. Zikatolewa zote, zikasomwa kwa zamu. Aidan hakuulizwa lolote. Mwishowe Saimon, aliyekuwa mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo kama wanaweza sasa kuongea habari zake. Mahari yakapangwa kwa dakika kumi, watu wakiwa bado wanafuta machozi ya kucheka.

Aidan aliamini kazi yake imekufa. Jumatatu alikuta watu saba wakimsubiri, na watatu kati yao walitaka kujua kwanza kama upande wa pili nao ni wateja wake, na kama ndiyo, watajibu nini. Kwa wiki mbili alikataa nusu ya kazi, asije akaandikia pande mbili tena. Wiki ya tatu akamfuata Lidwina, ambaye msimu wake wa mizani ulikuwa umekwisha, akamwomba aje achukue meza ya pili. Wakawekeana masharti: kila upande na mwandishi wake, hakuna kuchungulia, na Rosemary ndiye mwamuzi.

Mteja wao wa kwanza wa namna hiyo alikuwa Abuu, mkulima wa korosho kutoka Nalasi. Mkewe Zulfa alikuwa ameondoka kwa hasira, yuko kwa kaka yake Songea mjini. Abuu hakutaka kwenda huko mikono mitupu, alitaka barua. Aidan alimuuliza maswali asubuhi nzima, akaandika kurasa mbili za kuomba radhi ambazo mwenyewe aliziona kuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuandika. Abuu alipozisikia akasema mashallah, akajifuta macho.

Zulfa akaja kwenye meza ya Lidwina siku ambayo Aidan hakuwepo. Jibu likaletwa, Abuu akampa Aidan amsomee. Aidan alifungua bahasha, akatafuta ukurasa wa pili, akaukosa. Akasoma:

*Barua yako nimeipata. Imeandikwa vizuri sana. Ungekuja mwenyewe.*

"Tumjibu nini?" Abuu akauliza.

Aidan alishika kalamu, akaiweka. Akajaribu sentensi moja kichwani, akajaribu nyingine, zote zikaonekana kama nguo za kuazima.

"Hapa hakuna cha kuandika," akasema. "Nenda."

Abuu akavaa kofia yake akatoka. Kwenye meza ya pili Lidwina alikuwa ameinama anachonga penseli ya mteja, wala hakuinua uso, ila mashavu yake yalikuwa yamejaa kicheko alichokibana. Aidan akaisoma tena ile barua, kisha akamwita mteja aliyefuata.