Meja na Sauti ya Mwalimu Balbina

Mwalimu Balbina alikuwa amestaafu, lakini sauti aliyokuwa akiwatulizia watoto wa shule nzima haikustaafu naye. Pale Lumemo, akimwita muuza mboga, watu wa ng'ambo ya mto waligeuka.

Jirani yake Minza alipohamia Mofu na ng'ombe wake, alimwachia mbwa, dume kubwa lenye sikio lililochanika, jina lake Meja.

"Huyu alimfukuza fisi zizini, Mwalimu," Minza alisema. "Wezi wa kuku watakukoma."

Masika ilikuwa imekolea na uani kumejaa maji, kwa hiyo Balbina akamtandikia Meja gunia sebuleni. Majirani walicheka, mbwa sebuleni! Yeye hakujali. Alimwinamia mgeni wake, akanguruma kwa furaha:

"Karibu nyumbani, Meja!"

Meja akalaza masikio, akajikunyata, akalala chali na hapohapo akakojoa. Mkojo ukatiririka mpaka chini ya kochi.

"Ugeni tu," Balbina akajiambia, akachukua dekio.

Asubuhi alimsalimia, Meja akakojoa. Akamwita kula, akakojoa kabla hajalifikia bakuli. Alipogombezwa kwa kukojoa, akakojoa zaidi, kama mtu anayekiri kosa. Balbina alisugua sakafu kwa siki, kwa malimao, kwa sabuni za kila rangi. Akawa anamtoa nje na kusimama naye mvuani, mwavuli mkononi, akimhimiza:

"Kojoa basi! Kojoa, baba, usione haya!"

Upande wa pili wa ua, Adolf, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, alisimama ghafla kando ya migomba.

"Mwalimu, unaniambia mimi?"

Meja alikojoa, ndiyo, lakini juu ya kandambili za Balbina.

Akampigia Minza simu. "Hebu niambie ukweli. Huyo fisi alifukuzwa, au aliteleza kwenye mkojo?"

"Kwangu hakuwahi kukojoa ndani, Mwalimu."

"Kwako alilala na ng'ombe! Ungejuaje?"

Minza akaangua kicheko. "Hapo umenishika."

Ikaja Pasaka. Balbina aliimba kwaya kwa nguvu zote, akarudi nyumbani sauti imekwisha kabisa. Alichoka hata kumtazama mbwa. Akampita kimya, akaenda jikoni kuchemsha chai ya tangawizi. Meja akamfuata nyuma, mkia ukipepea. Sakafu ilikuwa kavu. Kesho yake pia, kavu kama kikaango.

Balbina akakaa na kikombe chake, akaelewa. Kumbe kibofu cha Meja hakikuwa na kasoro. Meja alikuwa anaogopa; kila karibu aliyokaribishwa aliisikia kama karipio. Ilimchoma Balbina, maana kelele zile zote zilikuwa mapenzi.

Sauti iliporudi, akaanza kuifundisha adabu. Akawa anaingia bila kumkodolea macho Meja, anakaa chini ubavuni mwake badala ya kumwinamia, anamnong'oneza umbea wa mtaa mzima. Alimtoa nje kimyakimya, na akimaliza haja yake hukohuko, alimpa dagaa. Mtaa ukaingiwa na wasiwasi. Bernadeta, jirani wa nyuma, alileta uji akidhani Mwalimu yuko mahututi.

Zamu ya kusali kwake ilipofika, Balbina aliwasubiri wanajumuiya mlangoni. "Msimsalimie, msimwangalie, msimwinamie," alinong'ona. "Ingieni kama hayupo."

Wakaingia mmojammoja wakiwa wamekazia macho dari. Adolf alijigonga kwenye meza, akapepesuka, akaketi mapajani mwa Bernadeta.

"Samahani, dada," alinong'ona.

"Shuka kwanza, ndipo uombe samahani," Bernadeta akamnong'oneza.

Walisali kwa sauti ya chini kama wezi wanaopanga njama, huku Meja akiwatazama mmoja baada ya mwingine kwa mshangao. Walipofika mwisho, Balbina alichungulia chini ya kochi. Kukavu! Chini ya meza, kukavu! Furaha ikampanda, na kabla hajajizuia, kigelegele kikamtoka, mabati yakatetemeka.

Akaziba mdomo, lakini amechelewa. Wote wakainua miguu juu ya kapeti.

Meja akasimama. Masikio yakalala. Halafu akageuka, akapita katikati ya viti, akatoka mlangoni, akaenda hadi kwenye mpapai. Akainua mguu, akakojoa kwa muda mrefu sana, jumuiya nzima ikichungulia dirishani. Alipomaliza akarudi, akajilaza juu ya viatu vya Adolf.

Adolf hakuthubutu kusogea. "Mwalimu," alinong'ona, "wimbo wa kufunga tunaweza kuimba?"

Balbina alifuta machozi kwa upande wa khanga.

"Ubeti mmoja," alisema. "Na polepole."