Siku Kamati Ilipovaa Sanda

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti, kiza kikianza kuingia, na nasema mapema: kosa ni la Bwana Venter.

Yeye ndiye mkubwa wa bustani ya umma. Ndiye aliyeamua tusherehekee Obon, sikukuu ya kiangazi ya Wajapani, wakati Johannesburg tunapuliza vidole kwa baridi. Watu wakija na makoti anawakemea: "Vueni! Yanaharibu picha!" Wakubwa ndivyo walivyo. Kalenda wanaisoma, mbingu hawazitazami.

Mimi ni fundi cherehani wa Rosettenville, mtu wa Bukavu, shule niliiacha darasa la nne. Venter aliniagiza nishone yukata, yale majoho mepesi ya Kijapani, kwa vitenge, wavae akina mama wa kamati. Mama Fumiko, Mjapani mzee aliyeleta sikukuu yenyewe, alikuja kwangu kunywa chai akanieleza maana yake: siku hizo wafu wanarudi, wanachezewa ngoma, na kila mmoja anawashiwa taa ya karatasi.

Nikaenda kwa Venter. "Bosi, naomba taa moja. Ya mke wangu, Célestine. Sasa ni mwaka wa pili yuko kaburini."

"Taa ni za wafadhili, Gustave. Zina majina ya makampuni."

"Makampuni yamekufa lini?"

"Nenda ukashone."

Nikashona. Nguo ya mwanamke, kwetu mafundi, upande wa kulia unalalia wa kushoto. Nikashonea vitepe kwa ndani ili joho lifunge hivyo tu, lisifunguke mtu akirukaruka. Nikasema Mama Fumiko ayatazame kwanza. Venter akasema hakuna muda.

Siku ikafika. Kamati ikatoka, vitenge vinang'aa, meno yanagongana. Mama Fumiko akaziba mdomo. Nikadhani analia. Kumbe anacheka mpaka kashikilia mti.

"Papa Gustave! Kulia juu ya kushoto? Kwetu hivyo anavalishwa maiti!"

Eish! Kamati nzima, maiti watupu, mbele ya wageni. Mweka hazina akaanza kujivua palepale. Ndani alikuwa na suruali ya kulalia.

Venter akaja mbio. "Rekebisha! Ngoma inaanza!"

Nikatoa wembe na sindano, nikaviweka gotini, nikatulia.

"Unangoja nini?"

"Vidole vimekufa ganzi, bosi. Labda nikiona taa ya Célestine vitapata joto."

Akaniangalia kama anataka kunitafuna. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, akashusha taa ya kampuni ya matairi, akabandika karatasi mpya, akaandika jina la mke wangu. Nikamwambia aitundike juu zaidi kidogo, Célestine alikuwa mrefu.

Ndipo nikafumua vitepe, nikavihamisha. Ngoma ikalia. Kamati ikacheza, hai kabisa, na taa ya mke wangu ikayumba juu yao wote.

Tangu hapo, kila tukikutana, Venter ananiuliza jambo lile lile. Mama Fumiko akiwepo anageuka kutazama maua, nami natazama viatu vyangu.

"Gustave, chai yote ile mliyokunywa na Mama Fumiko, habari za wafu mkazimaliza, mkasahau hiyo ya nguo tu?"