Siku Tatu za Kusikia

Mzee Nzomo alianza kupoteza uwezo wa kusikia polepole, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, mkewe alichelewa kugundua. Kwanza alidhani mumewe amemkasirikia. Anamwambia chakula kiko tayari, mzee anaendelea kumtazama ng'ombe. Anamwuliza kama Jumapili wataenda misa ya kwanza, mzee anamjibu kwamba mbolea imeisha. Kalekye aliumia moyoni karibu mwaka mzima, hadi siku aliposimama nyuma yake akamwita mara tano bila mzee kugeuka. Hapo ndipo alipojua kwamba haikuwa hasira.

Miaka tisa ilipita tangu siku hiyo. Nyumbani kwao Kalama walizoea kuishi kwa ishara. Njoo ule. Funga lango. Mvua inakuja. Lakini hakuna ishara ya kumwambia mtu kwamba leo umeamka ukimkumbuka mama yako, na mambo ya namna hiyo Kalekye aliacha kuyasema.

Mwaka huu mbaazi zilikubali, wakapata pesa kidogo. Daktari wa masikio mjini alikuwa amempima mzee na kusema kwamba mashine ingemsaidia. Kalekye akachanga na mwanawe Muema, anayefanya kazi kiwandani Athi River, wakaenda Machakos kwenye duka la Kisilu, linalouza simu, redio na vipimo vya presha. Wakanunua mashine ya sikio, kitu kidogo kama punje ya haragwe, pamoja na kijisanduku chake cha kuichajia.

Nzomo aliivaa akiwa ameketi jikoni. Akainua kichwa ghafla.

"Hiyo ni nini?"

"Gani?"

"Hiyo inayolia kama kuku amekanyagwa."

Ulikuwa mlango wa stoo, unaoyumba kwa upepo. Bawaba zake zilikuwa zimelilia mafuta miaka mingi. Mzee aliinuka papo hapo akaenda kuzipaka, kisha akaufungua na kuufunga mlango mara kadhaa, akitabasamu peke yake.

Waliongea kwa siku tatu. Siku ya kwanza waliongea juu ya vitu vidogo tu: nani amehama, nani ameoa, kwa nini jirani alikata miti yake ya mpakani. Siku ya tatu mzee mwenyewe ndiye aliyemtaja Ndila. Huyo alikuwa binti yao, waliyemzika miaka sita iliyopita. Siku ya mazishi Nzomo alikaa mstari wa mbele akiangalia midomo ya watu ikifunguka na kufungwa, na hakupata hata neno moja.

"Walisema nini juu yake?" akauliza.

Kalekye akavuta kigoda karibu. Akamweleza yote aliyoyakumbuka. Mwenzake wa kazini alisema Ndila ndiye aliyekuwa akimbebea uji alipokuwa mjamzito. Kiongozi wa kwaya alisema tangu aondoke hakuna wa kuwaanzishia wimbo. Katekista alianza kuomba akashindwa, ikabidi mwingine amalizie. Kalekye alieleza mpaka chai ikapoa vikombeni. Nzomo alilia bila kujificha, halafu akapangusa uso kwa kofia yake.

"Kumbe walimpenda hivyo," akasema.

Asubuhi ya nne mashine ilipiga mluzi mkali, mzee akashtuka akashika sikio. Mluzi ukakatika, na kila kitu kikanyamaza. Waliichaji mchana kutwa. Wapi! Nzomo akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha kwenye kijisanduku kama mtu anayemlaza mtoto.

"Tuache tu, Mama Muema," akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Nilisikia. Imetosha."

Kalekye aliitikia kwa kichwa ili asimwumize. Lakini kwake haikuwa imetosha hata kidogo.

Kesho yake alienda mjini peke yake. Kisilu aliigeuza mashine mara mbili kwenye kiganja.

"Imeingia maji hii, mwaitu," akasema. Alimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima, lakini hakumwangalia machoni. "Mzee ameoga nayo."

"Hajaoga nayo. Tunaivua."

"Basi ni jasho." Akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kichwa chake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. "Labda niitume kwa fundi Nairobi. Mtalipia, na mngoje kama miezi miwili."

Kalekye hakuwa mtu wa kubishana. Sokoni, akipunjwa, hunyamaza na siku nyingine huenda kwa muuzaji mwingine. Alifunga mashine katika leso yake, akashukuru, akatoka. Aliposhuka kwenye gari Kalama alikutana na Wavinya, mwalimu wa somo la biashara katika sekondari ya hapo karibu, akitoka kazini. Wavinya alimwuliza habari za mzee, naye Kalekye, aliyedhani atajibu kwamba ni nzuri, akajikuta akimweleza yote pale njiani.

"Risiti uko nayo?" Wavinya akauliza.

"Niko nayo. Na kasha."

"Vizuri. Sasa sikia, mama. Kuna sheria ya kumlinda mnunuzi. Kitu ukiuziwa kikiwa kipya lazima kifanye ile kazi uliyokinunulia. Kikifa siku ya nne, na hujakiharibu wewe, hilo ni la mwenye duka. Ile karatasi ya ukutani aliiandika yeye. Haiwezi kushinda sheria."

"Mimi sijui kugombana, mwalimu."

"Usigombane. Mwambie unataka nyingine nzima au pesa zako. Akikataa, mwombe aandike kwamba amekataa, na sababu, aweke sahihi na muhuri. Karatasi hiyo tutaipeleka kwa wanaoshughulikia malalamiko ya wanunuzi. Basi."

Kalekye aliyarudia maneno hayo akikamua ng'ombe, akayarudia akisonga ugali. Ijumaa akamwambia Nzomo kwa ishara avae koti.

Dukani mzee aliketi kwenye benchi, kofia magotini. Kisilu alipowaona alipumua kwa nguvu.

"Mwaitu, si nilikueleza?"

"Ulinieleza," Kalekye akasema. "Nami leo nimekuja kukueleza. Nilinunua kitu kizima. Kilifanya kazi siku tatu. Nataka kingine, au pesa zangu."

"Hairudishwi. Si unaona hapo?"

"Naona. Basi niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba umekataa. Andika na sababu, utie sahihi na muhuri wa duka. Sitakusumbua tena hapa. Nitaenda nayo kwa wanaohusika."

Mteja aliyekuwa akichagua chaja akaacha kuchagua. Kisilu alivuta karatasi, akaandika tarehe. Akaandika jina lake. Kisha kalamu ikasimama. Aliinua macho yakakutana na ya Nzomo. Mzee hakuwa amesikia lolote katika yale yote, akamtabasamia tu kwa adabu, kama mtu anayetembelea nyumba asiyoijua lugha yake.

Kisilu aliweka kalamu chini. Akainama chini ya kaunta akatoa katoni, akachukua mashine mpya ya aina ile ile, akaivaa sikioni mwake mwenyewe. Baada ya muda uso ukamkunjamana, akaivua haraka. Mluzi wake ulisikika hata mlangoni. Akajaribu ya pili. Hii ilinyamaza kabisa. Ya tatu ikapiga mluzi.

"Sikuwahi kuzijaribu," akasema taratibu, zaidi kwa nafsi yake. "Zilikuja, nikazipanga tu."

Akafungua kabati la kioo, akatoa mashine ya aina nyingine. Aliijaribu kwanza mwenyewe, muda mrefu, kisha akazunguka kaunta, akapiga goti mbele ya benchi na kumvalisha mzee.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia," Nzomo akasema. "Na nje kuna mtu anauza njugu."

Kisilu akacheka, na kucheka huko kulikuwa na aibu ndani yake. Kwenye ile karatasi akaandika maneno mengine: kwamba mashine hii ikiharibika, atarudisha pesa bila swali. Akapiga muhuri. Kalekye akaipokea, lakini hakuinuka.

"Wengine walionunua zile?"

Kisilu akapekua kitabu cha risiti. "Ni mmoja tu. Mukai, wa Katelembo. Alimnunulia mamake."

"Alirudi?"

"Hajarudi."

"Basi mpigie."

Alipiga, simu ikiwa kwenye spika juu ya kaunta. Mukai alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilizima wiki iyo hiyo," akasema. "Sisi tulifikiri ni masikio ya mama ndiyo yamekufa kabisa. Hata alikataa kula siku mbili."

"Mlete," Kisilu akasema. "Mlete kesho. Nitambadilishia." Alipokata simu alibandua ile karatasi ya ukutani, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kalekye na Nzomo waliingia hoteli ndogo karibu na soko, wakaagiza chai na mahamri. Mzee alisikiliza vijiko vikigonga vikombe, mhudumu akiita jikoni, mvua ikianza kudondoka juu ya mabati. Halafu akamgeukia mkewe.

"Mle dukani ulikuwa unasema nini? Nilikuona umesimama wima hivi. Sijawahi kukuona umesimama hivyo."

"Ah, maneno tu."

"Niambie."

Kalekye akaona haya, akazungushazungusha kikombe. Kisha akaanza tangu walipovuka mlango, kwa sauti ya chini ili watu wa meza ya pili wasisikie. Alipofika pale pa "basi niandikie," mzee akaweka hamri mezani.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Wewe!" Nzomo akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akavuta kiti chake karibu zaidi. "Halafu yeye akasemaje?"