Pembe ya Mafuta ya Kondoo

Hezron alikuwa mzee wa kanisa pale Isansa, na koti lake la kanisani hakulivua hata akienda shambani. Jirani yake, Enoka, alikuwa na bunduki yenye kibali cha boma. Mwaka ule wa vita risasi ziliadimika madukani, kwa hiyo Enoka akawa anajaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa nyumbani kwake, kwa vyombo alivyoachiwa na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Ndiye aliyelinda mashamba ya watu dhidi ya nguruwe pori, na kila risasi yake iliangusha mnyama. Hapo ndipo Hezron alipoanza kumtilia shaka. Mtu gani hakosi hata siku moja? Ini la nguruwe alilopelekewa lilimshuka vizuri, lakini shaka ilimkwama kooni.

Jumamosi ikafika zamu ya shamba lake la bondeni. Mahindi yalikuwa yamekomaa, na ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno mengine. Mchana akaenda kwa Enoka kumkumbusha ahadi. Badala ya kupiga hodi, alisimama nyuma ya ua wa matete akachungulia.

Enoka alikuwa amekaa barazani na maganda sita mbele yake. Alichovya kidole kwenye pembe ya mbuzi, akatoa mafuta ya kondoo, akawa anayapaka maganda moja baada ya jingine huku midomo ikimcheza.

Pembe! Mafuta! Na maneno ya chinichini! Hezron alishikwa na hasira. Babu zake waliwinda kwa dawa za pembe, hakuhitaji kufundishwa. Kumbe ndiyo maana hakosi, na Jumapili anashiriki meza ya Bwana bila aibu!

Mara Ruti, mke wa Enoka, akapiga kelele kwamba ng'ombe wameingia kwenye kahawa. Enoka akatoka mbio. Hezron akajipenyeza ndani.

"Mahindi yangu hayalindwi na uganga," akanong'ona. Alishika pindo la koti, akafuta ganda la kwanza mpaka likakauka, akaendelea hivyo mpaka la sita, akimkemea shetani kwa kila moja. Kisha akazunguka nje, akaja kupiga hodi kama mtu mwema.

"Karibu, Mzee," Enoka alisema, akirudi huku anahema. "Kaa. Namalizia risasi za shamba lako."

Akatia ganda kwenye kalibu ya chuma, akalishindilia. Liliingia nusu, likagoma. Alipolivuta, kitako kiling'oka, ganda likabaki ndani.

"Limekwamaje, na nimelipaka mwenyewe?" Enoka alilalamika. "Ganda likishapigwa hutanuka, Mzee. Kalibu ndiyo hulirudisha kwenye kipimo chake. Bila mafuta, shaba inang'ang'ania chuma. Ndiyo maana huwa nahesabu chinichini nikipaka, nisiruke hata moja. Na kalibu ninayo hii tu."

Hezron akauliza, "Huna risasi nyingine?"

"Hata ya dawa sina."

Angeweza kusema pale pale. Aliona aibu, akaaga.

Usiku kucha yeye na mkewe Felista walipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Nguruwe walihamia upande wa pili wa shamba, wakaendelea kula.

Asubuhi Enoka alikuja kutoa pole. Alimkuta Felista uani ameshika koti la mumewe, analinusa.

"Baba Yonathani," Felista alimuuliza Hezron aliyesimama mlangoni, "mbona koti lako linanuka kondoo?"

Enoka alitazama pindo lililong'aa kwa mafuta, kisha akamtazama Hezron.

"Maganda niliyafuta mimi," Hezron alisema. "Nilidhani ni dawa."

"Ungeniuliza, Mzee," Enoka alijibu. "Hodi moja tu, ningekuonyesha."

Felista aliweka koti chini, akachukua kikapu, akaenda bondeni kuokota mahindi yaliyobaki. Kikapu hakikujaa. Kengele ya kanisa ilipolia, Hezron alikwenda bila koti, akaketi benchi la nyuma kabisa.